Vipimo vya VVU: kampuni ikiuzwa na kasoro ikionekana, nani ataonya Bukavu?

Mama mjamzito anayefika kituo cha afya kwa kipimo cha VVU huchomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipande kidogo cha Determine, na baada ya dakika 15 jibu linasomwa. Jina hilo wauguzi wa Kongo wanalijua vizuri. Wasilolijua wengi ni kwamba mwenye kipimo hicho amebadilika mara mbili.

Mwaka 2005 kampuni ya Marekani Abbott iliuza Determine kwa kampuni Inverness. Mwaka 2010 Inverness ilibadili jina na kuitwa Alere. Mwaka huohuo ilichukua pia sehemu kubwa ya Standard Diagnostics ya Korea Kusini, watengenezaji wa vipimo vya Bioline vya VVU na malaria. Oktoba 2017 Abbott ikanunua Alere yote kwa dola zipatazo bilioni 5.3. Determine ikarudi kwa mwenye wake wa kwanza.

Kununua kampuni si kosa. Shida inaanza siku kasoro inapoonekana.

Desemba 2011, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, liliondoa kipimo cha VVU cha Bioline kwenye orodha ya vipimo linavyovikubali, kwa sababu ya mashaka juu ya ubora wake. Mwanzoni mwa 2012 Kenya iliamuru kiondolewe katika vituo vyake. Baadaye, OMS ilikirudisha kwenye orodha.

Kipimo kibaya kinaumiza pande mbili. Mama anayeambiwa hana virusi, kumbe anavyo, atanyonyesha mtoto bila dawa. Yule anayeambiwa anavyo, kumbe hana, anaweza kupoteza ndoa yake.

Kiwanda kinaporudisha bidhaa, barua ya onyo haitaji majina ya wagonjwa. Inataja nambari ya loti iliyoandikwa kwenye karto. Kama muuguzi hakuiandika nambari hiyo katika rejista pembeni ya jibu, hakuna atakayejua ni nani wa kuitwa apimwe upya.

Barua hiyo pia ina safari ndefu: kutoka kiwandani hadi ACOREP, mamlaka ya dawa na vifaa vya afya huko Kinshasa, kisha jimboni, zone za afya, depo na mwisho kituo. Vipimo vingi vinalipwa na wafadhili kama Fonds mondial, hivyo onyo hupitia kwao pia. Lakini Bukavu iliingia mikononi mwa AFC/M23 Februari 2025, na njia ya Kinshasa ikakatika. Kwa duka la dawa lililonunua karto sokoni, bila fakture, barua hiyo haina anwani.

Mgonjwa naye ana haki yake. Tangu 2019 OMS inashauri vipimo vitatu vifuatane, vyote vikionyesha virusi, kabla ya mtu kuambiwa anavyo. Tena apimwe upya kabla ya kuanza dawa. Kuuliza muganga «mmenipima mara ngapi?» si kumkosea heshima.

Na kwa wakubwa wa vituo, dawa ya kwanza ni kalamu: jina la kipimo, nambari ya loti, tarehe ya kuisha. Kampuni zitaendelea kuuziana. Rejista ndiyo inabaki hapa Bukavu.