Hazina na Mpangishaji: Istilahi za Kuhifadhi Programu Huria

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua wafasiri wa taaluma ya kompyuta ni lile litajalo mahali pa kuhifadhia msimbo wa programu. Baadhi huandika "ghala", wengine "bohari", na wengine "hazina". Tofauti hii si ya ladha tu. Kikundi cha watu wanaojitolea kuandika programu huria, kisicho na mfuko wa fedha, chaweza kupotoshwa na istilahi kinapochagua mahali pa kuweka kazi yake.

Ghala na bohari hudokeza mali iliyo mahali pamoja, chini ya mtunzaji mmoja. Sivyo ilivyo katika Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Humo, kwa kawaida, kila mshiriki anayenakili kazi hupata mafaili pamoja na historia yote ya mabadiliko. Kwa hiyo twapendelea "hazina" kwa kazi yenyewe na historia yake, popote iwapo, na "mpangishaji" kwa shirika linaloiweka katika mitambo yake. Neno hili la pili lina faida: mpangaji hujua kwamba nyumba si yake.

Nyumba hizo zimewahi kufungwa. Gitorious ilifungwa mwaka 2015, na Google Code, iliyoanza mwaka 2006, ikafungwa mwaka 2016. Mwaka 2020 Bitbucket iliacha kupokea hazina za Mercurial. Msimbo huweza kunusurika kwa nakala za washiriki. Kilicho rahisi kupotea ni yale yasiyokaa ndani ya hazina, yaani taarifa za kasoro, maombi na majadiliano ya miaka mingi.

Hapa ndipo neno "bure" linapohitaji uangalifu. Kiingereza hutumia neno moja kwa kisicho na bei na kilicho huru; sisi tuna mawili, na ni hasara kuyachanganya. GitHub, mali ya Microsoft tangu mwaka 2018, haitozi ada kwa hazina za wazi, lakini programu inayoiendesha si huria. Codeberg, jumuiya ya Berlin isiyotafuta faida, pia haitozi. Hutegemea michango, na huendeshwa kwa Forgejo, ambayo ni huria. Kikundi chaweza hata kuweka Forgejo katika seva yake chenyewe. Hapo kitalipa kodi ya seva kila mwezi, pamoja na gharama isahauliwayo aghalabu: saa za mtu wa kuisasisha na kutunza nakala za akiba. Kwa watu watatu au wanne, saa hizo huenda zikawa ghali kuliko kodi.

Basi kabla ya kuuliza bei, yafaa kuuliza mpangaji atatoka na nini siku ya kuhama. Forgejo, kwa mfano, yaweza kupokea kutoka GitHub na GitLab si hazina tu, bali pia kumbukumbu za kasoro na maombi. Kumbukumbu hizo wengine huziita "daftari la kasoro". Kwa kuwa si kila kiandikwacho humo ni kasoro, twapendekeza "daftari la hoja".