Muhula Katika Chuo cha Wengine (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tulieleza namna vyuo vya Marekani vinavyopokezana wanafunzi: kijana anabaki mwanafunzi wa chuo chake, anakwenda kusoma muhula mmoja katika chuo kingine humo humo nchini, na masomo atakayofaulu huko yanahesabiwa kwenye shahada yake. Leo tukitazame Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, ambako mpango huo ulizaa jambo kubwa kuliko alama za mtihani.

Fisk kilianzishwa mwaka 1866 kwa ajili ya watu Weusi waliokuwa wametoka tu utumwani. Karibu karne nzima baadaye kilikuwa kikibadilishana wanafunzi na vyuo vya Wazungu, kikiwemo Pomona cha California na Beloit cha Wisconsin. Candie Anderson wa Pomona alifika mwanzoni mwa 1960, wakati vijana wa Nashville wakifundishwa na James Lawson kupinga ubaguzi bila kupigana. Mafunzo yenyewe yalikuwa magumu. Wengine walijifanya wahuni, wakatukana na kusukuma. Wengine wakazoea kukaa kimya bila kuinua mkono. Februari 27 waliketi kwenye kaunta za chakula madukani, ambako Mweusi hakuhudumiwa. Wahuni wakawapiga. Polisi wakawakamata waliopigwa, zaidi ya 80, na Candie akiwemo.

Mwaka uliofuata akaja Jim Zwerg wa Beloit. Aliwaalika rafiki zake wapya sinema, wakamwambia kwamba hawawezi kuingia naye, kwa kuwa yeye ni Mzungu na wao ni Weusi. Huko kwao Wisconsin angeweza kuisoma habari hiyo gazetini na kusikitika, kisha akaendelea na chakula chake. Nashville, habari hiyo ilimhusu yeye na watu aliokuwa akila nao. Akajiunga nao, na Mei 20, 1961, alishuka basi mjini Montgomery, Alabama, pamoja na Wasafiri wa Uhuru, yaani Weusi na Wazungu waliosafiri pamoja kwa mabasi kupinga ubaguzi. Kundi la Wazungu likampiga hadi akapoteza fahamu. Picha yake akiwa na damu usoni ilienea dunia nzima.

Sidhani kama ziara ya wiki moja ingeyafanya hayo. Mgeni wa wiki huonyeshwa majengo, akakaribishwa chai, akaaga. Anayekaa muhula hulala bwenini, huugua, hukopa daftari, na hatimaye huona aibu kukaa pembeni wenzake wanapoonewa. Ila nasikitika kwamba Wazungu waliokwenda Fisk tunawajua kwa majina, lakini vijana wa Fisk waliovuka kwenda vyuo vya Wazungu hawasimuliwi. Nao waliishi ugenini, tena wakiwa wachache.

Mwaka 1968 ukaanzishwa Mpango wa Taifa wa Kubadilishana Wanafunzi, unaounganisha vyuo vya majimbo mengi. Ulitatua kikwazo cha ada. Vyuo vikuu vya serikali Marekani humtoza mtu wa jimbo jingine ada kubwa zaidi kuliko mwenyeji. Chini ya mpango huu mwanafunzi hulipa ama ada ya mwenyeji kule anakokwenda, ama ada yake ya kawaida chuoni kwake. Vyuo binafsi vya mashariki navyo vilikuwa na makubaliano yao. Ndivyo Meryl Streep, mwigizaji, alivyotoka Vassar mwaka 1970 kwenda kusoma muhula Dartmouth, chuo ambacho wakati huo kilikuwa bado hakitoi nafasi ya shahada kwa wanawake.

Ndugu zetu mlioko Marekani, mtoto akiutaja mpango huu msimzuie kwa kuhofia kwamba atachelewa kuhitimu. Mwambieni achague mahali pasipofanana na kwao, na kabla ya kufunga mizigo apate kwa maandishi, kutoka ofisi ya msajili wa chuo chake, idhini kwamba kila somo atakalochukua huko litahesabiwa.