Mwalimu Jefferies na mashahidi waliochaguliwa

Desemba 30, 2010, polisi wa Avon na Somerset, magharibi mwa Uingereza, walimkamata mwalimu mstaafu aitwaye Christopher Jefferies, mwenye umri wa miaka 65. Alikuwa mwenye nyumba wa Joanna Yeates, msanifu wa mandhari wa miaka 25 aliyetoweka Desemba 17 katika mtaa wa Clifton, mjini Bristol. Mwili wake ulikutwa kandokando ya barabara asubuhi ya Krismasi. Ilikuwa wiki ya sikukuu, habari nyingine hakuna, na picha ya binti yule ilikuwa imeshaenea nchi nzima. Kilichokosekana ni sura ya mtuhumiwa. Ikapatikana: mzee asiye na mke wala mtoto, mwenye mvi ndefu zisizotii kitana.

Jefferies hakuua mtu. Muuaji alikuwa Vincent Tabak, mhandisi Mholanzi aliyepanga flati ya jirani, ambaye Oktoba 28, 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha. Tena huyohuyo Tabak ndiye aliyewapigia polisi simu akiwa Uholanzi, akiwaeleza habari za gari la Jefferies ili wamshuku.

Ukiyarudia magazeti ya siku zile, utaona kwamba uongo ulikuwemo, na ndio uliokuja kuyagharimu. Ila sehemu kubwa ya kilichomchafua mwalimu yule ni mambo ya kweli yaliyopangwa kwa namna ya kumtia hatiani. Kweli alifundisha fasihi ya Kiingereza kwa zaidi ya miaka 30 katika shule ya Clifton College. Kweli alipenda ushairi, na miongoni mwa ambao mashairi yao aliyafundisha ni Christina Rossetti, mshairi wa karne ya 19 anayejulikana na kila mwanafunzi wa fasihi Uingereza. Gazeti likaandika kwamba ni mtu aliyetekwa na mambo ya kifo. Alikuwa mkali darasani na makini na lugha, basi wakasema alikuwa akiwatisha watoto. Ondoa kukamatwa kwake, na haya yote ni wasifu wa mwalimu yeyote wa fasihi wa kizazi kile. Tanguliza kukamatwa, na hata upweke wake unakuwa ushahidi.

Hapa ndipo mwalimu anapotofautiana na karani au fundi bomba. Mtu aliyesimama mbele ya ubao kwa miongo mitatu ameacha watu wengi sana wanaomkumbuka: aliyeadhibiwa, aliyefelishwa, aliyechekwa na darasa zima, na yule aliyepata kazi anayoifanya leo kwa sababu ya somo moja la Jumanne. Mwandishi mwenye saa chache kabla gazeti halijaingia mitamboni hana haja ya kubuni. Tuseme anawapigia kumi. Saba wanamsifu, watatu wana kinyongo, naye anawaandika watatu. Kila neno aliloandika limesemwa kweli na mtu wa kweli, na bado msomaji amedanganywa.

Liko na jambo jingine ambalo wahariri hawapendi kulijadili. Mwanafunzi wa zamani akishaambiwa kwamba mwalimu wake ameshikwa kwa mauaji, huipekua kumbukumbu yake upya. Jicho kali lililokuwa la kunyamazisha kelele sasa linakumbukwa kuwa jicho la ajabu. Hasemi uongo, anajibu swali aliloulizwa.

Msomaji wa magazeti yetu ya Kiswahili anazifahamu nyenzo za kazi hii. Kuna "mzazi aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa jina". Kuna "mwalimu huyo alipotafutwa, simu yake iliita bila kupokelewa". Sentensi hiyo huwekwa mwisho wa habari na kuitwa mizania. Haielezi kwamba simu ilipigwa saa kumi na moja jioni kwa gazeti linalofungwa saa moja. Wala haielezi kwamba mtumishi wa umma kwa kawaida haongei na waandishi bila kibali cha mwajiri, na kwamba mkuu wa shule, ukimfuata, atakwambia yeye si msemaji, nenda kwa mkurugenzi. Mlalamikaji yuko huru kusema mchana kutwa. Mtuhumiwa amefungwa mdomo na taratibu za kazi yake, kisha ukimya wake unachapishwa kama vile ameshindwa kujibu.

Jefferies alikuwa mahabusu hadi Januari 1, 2011, alipoachiwa kwa dhamana ya polisi. Akaishi kwa marafiki, akihama nyumba hii hadi ile, akakata nywele na kuzipaka rangi asitambulike. Siku alipokamatwa tu, sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 kuhusu kudharau mahakama ilikuwa imeshaanza kumlinda, na Mwanasheria Mkuu, Dominic Grieve, aliwaonya waandishi Desemba 31. Waliendelea. Julai 29, 2011, magazeti manane yalimwomba radhi mahakamani na kumlipa fidia, na siku hiyohiyo Daily Mirror likatozwa faini ya paundi 50,000 na The Sun paundi 18,000 kwa kudharau mahakama. Katika hoja za majaji, iliyonigusa zaidi ni hii: kumchafua mshukiwa kunaweza kuwafanya watu wenye ushahidi wa kumsaidia wasijitokeze. Wale saba wa mfano wangu wanasoma gazeti asubuhi na kuamua kukaa kimya.

Polisi nao walimwondolea dhamana Machi 2011 bila kutangaza waziwazi kwamba hashukiwi tena. Barua ya mkuu wao ya kukiri kosa hilo ilikuja 2013.

Bunge la Uingereza, kwa Sheria ya Elimu ya 2011, lilipiga marufuku kumtaja mwalimu anayetuhumiwa kosa la jinai na mwanafunzi wa shule yake hadi afunguliwe mashtaka. Jefferies isingemfaa, kwa kuwa alikuwa mstaafu na aliyemtuhumu hakuwa mwanafunzi. Na mimi, pamoja na yote niliyoandika, nina shaka nayo. Wako walimu wanaowadhuru watoto kweli, na mara nyingi jina la mmoja likitajwa ndipo mtoto wa pili na wa tatu hupata ujasiri wa kusema. Kuficha jina kunamlinda asiye na hatia na mwenye hatia kwa kipimo kilekile.

Mhariri akiniuliza ningetaka nini badala yake, ningeomba mistari miwili ndani ya habari yenyewe. Mmoja useme mwandishi aliongea na watu wangapi, na wangapi kati yao hawakuwa na lawama. Wa pili useme mwalimu alitafutwa siku gani, saa ngapi, na alipewa muda gani wa kujibu.