Mwalimu Sylvia na filamu bubu: kweli au uongo?

"Filamu bubu zilitazamwa kimyakimya." Uongo. Mara nyingi ukumbini palikuwa na mpiga piano, na kule Japani msimulizi alisimama kando ya pazia akiwasemea waigizaji wote. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video hapa Makina, Kibera jijini Nairobi, akimsikiliza msimulizi DJ Afro akiikoleza filamu ya Kihindi kwa Kiswahili anaijua raha hiyo.

"Mtu mweusi alikuwa mtumishi au mhalifu tu, tena aliigizwa na Mzungu aliyejipaka masizi." Nusu yake ni kweli, na inauma. Ndivyo ilivyokuwa katika The Birth of a Nation ya D. W. Griffith, 1915, filamu iliyowafanya wabaguzi wa Ku Klux Klan mashujaa. Lakini tukiishia hapo tunamfuta Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi aliyezaliwa na wazazi waliowahi kuwa watumwa. Mwaka 1920 Micheaux alionyesha filamu yake Within Our Gates mjini Chicago.

Mhusika mkuu ni Sylvia Landry, mwalimu anayeigizwa na Evelyn Preer. Shule anayofundisha watoto weusi huko Kusini mwa Marekani inakaribia kufungwa kwa ukosefu wa fedha, naye anasafiri hadi Boston kutafuta wafadhili. Huko Boston anamwokoa mtoto barabarani na kugongwa na gari la mwanamke tajiri, Mzungu. Tajiri huyo anataka kuichangia shule, ila rafiki yake kutoka Kusini anamshauri asiwasomeshe watu weusi; ampe dola 100 mhubiri anayewafundisha kuridhika na hali yao. Tajiri anatoa dola 50,000. Kisha Micheaux anaturudisha nyuma, kwa wazazi waliomlea Sylvia, walionyongwa na umati wa Wazungu. Wakaguzi wa filamu wa Chicago waliikataa filamu hii mwanzoni, maana damu ya ghasia za kibaguzi za 1919 mjini humo ilikuwa haijakauka. Na yule mhubiri wa dola 100 naye ni mweusi, na Micheaux hamwonei haya: anamwonyesha akiwachekesha Wazungu, kisha akijilaumu akiwa peke yake. Watu weusi wa filamu hii wako wa kila namna, wema na wasaliti, na kwangu huo ndio uwakilishi.

"Basi filamu hii inamweka mwanamke huru." Siyo kabisa. Sylvia anasafiri, anaamua, anaomba bila kujidhalilisha. Lakini mwishoni daktari anayempenda anamhutubia kuhusu kuipenda nchi, na hadithi inafungwa kwa ndoa yao. Mwanamke aliyebeba filamu nzima anabaki kusikiliza.

"Filamu bubu zote zimehifadhiwa." Uongo, nyingi zimepotea kabisa. Within Our Gates yenyewe ilipatikana Hispania ikiitwa La Negra, na ukarabati wake ukakamilika 1993.

"Wanawake hawakuongoza filamu zama hizo." Uongo mtupu. Alice Guy alianza Ufaransa mwaka 1896. Fatma Begum aliongoza Bulbul-e-Paristan nchini India mwaka 1926.

"Mwongozaji akiwa mwanamke, msichana atakuwa mbele." Si lazima, na hapa Kibera tuna jibu letu. Soul Boy ya mwaka 2010, iliyoongozwa na mwanamke, Hawa Essuman, na kuandikwa na Billy Kahora, ilipigwa mitaa hii hii. Abila, kijana Mjaluo, anapewa kazi saba ili airudishe roho ya baba yake. Anayemsaidia ni Shiku, msichana Mkikuyu, na kuwaona hao wawili wakishirikiana miaka miwili tu baada ya ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi wa 2007 kulikuwa na uzito ambao mtu wa Kibera hahitaji kuelezwa. Naipenda filamu hiyo. Hata hivyo kazi zote saba ni za mvulana, ilhali Shiku ana akili na ujasiri wa kutosha kupewa hata nne.