Sura ya Sita: Njia ya Chooni

Vitabu vingi vya kuwakinga wazee na kuanguka vimeandikwa na watu wanaofikiria zulia, beseni la kuogea na ngazi za ndani ya nyumba. Nyakoe, kando ya barabara inayotoka mji wa Kisii kwenda Oyugis na Kisumu, mambo ni mengine. Boma liko mgongoni mwa kilima, shamba linateremka bondeni, choo kimechimbwa nyuma ya migomba, na udongo ni ule mwekundu unaoteleza kama sabuni ukilowa. Mji wa Kisii wenyewe uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na nyanda hizi hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Kiangazi kirefu hakijulikani huku. Mzee wa hapa hukanyaga tope karibu mwaka mzima.

Hata hivyo, tope peke yake haliangushi mtu. Mjukuu wa miaka kumi hupita njia hiyo hiyo akikimbia, na akiteleza hujishika kabla hajafika chini. Sura hii inaeleza kwa nini bibi yake hawezi kujishika, na yale ambayo familia inaweza kuyafanya kwa gharama ndogo. Mzee huanguka pale mambo kadhaa yanapokutana kwa dakika moja. Ukiondoa hata moja, mara nyingi atabaki amesimama.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka. Miongoni mwa majeraha yasiyokusudiwa, ni ajali za barabarani tu zinazoua zaidi. Waathiriwa wakubwa ni watu waliopita miaka 60. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2007 ilieleza kuwa kati ya asilimia 28 na 35 ya watu wenye miaka 65 na zaidi huanguka angalau mara moja kwa mwaka, na kiwango hupanda hadi kati ya asilimia 32 na 42 kwa waliopita miaka 70.

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Ajali ya matatu hutangazwa redioni siku hiyo hiyo. Mzee aliyevunjika nyonga nyuma ya migomba hatangazwi na mtu, na jirani akiulizwa atajibu kwamba ni uzee tu.

Saa tisa usiku

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 78 anayeishi na wajukuu wawili. Ana presha, na miongoni mwa vidonge vyake kimo cha kukojosha. Asubuhi alikuwa na haraka ya kuwahi kuchuma majani chai, akakisahau. Amekimeza baada ya chakula cha jioni. Saa tisa usiku mkojo unamwamsha.

Anainuka kwa haraka. Mtu akisimama, damu hushuka miguuni, na mwili wa kijana hubana mishipa papo hapo ili kichwa kisikose damu. Mwili wake yeye unachelewa, na dawa inauchelewesha zaidi. Kichwa kinakuwa chepesi, anashika ukuta. Anapapasa malapa gizani, anavaa ya mjukuu, yanamzidi. Simu yenye tochi haina chaji. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Nje mvua imekatika, lakini njia imelowa na inateremka. Hatua chache baada ya kizingiti, kisigino kinakwenda.

Kesho yake watu watasema aliteleza. Ni kweli, ila kuteleza ni kisa cha mwisho katika mlolongo mrefu: saa ya kumeza dawa, haraka ya kuinuka, malapa, giza, jicho, mteremko, tope. Tope halina dawa. Hayo mengine karibu yote yanayo.

Mwili unavyojishika

Ili mtu asimame wima, ubongo hutegemea wapasha habari watatu. Macho huonyesha ardhi ilivyokaa. Sikio la ndani hupima kichwa kimeinama upande gani. Neva za nyayo na za viungo hueleza mguu umekanyaga nini. Ubongo ukishazipokea habari hizo, huamuru misuli ya paja, kiuno na kifundo cha mguu irekebishe mambo.

Uzee hupunguza kila upande kidogo kidogo. Macho hufifia. Kisukari kikikaa muda mrefu huua neva za nyayo, na mgonjwa hukanyaga asichokihisi. Misuli ya paja husinyaa, hasa kwa mzee anayeambiwa kila siku akae tu apumzike. Mtu aliyepoteza mpasha habari mmoja huwaegemea waliobaki. Ndiyo maana mama mwenye ganzi miguuni hutembea vizuri mchana akitumia macho, kisha huanguka usiku taa ikizimika.

Kuna na hofu. Aliyewahi kuanguka huogopa kutembea, akaacha kwenda sokoni, akaacha kwenda kanisani, miguu ikazidi kudhoofika. Hofu iliyokusudiwa kumlinda humletea anguko la pili.

Dawa kabatini

Dawa zinazohitaji kuangaliwa zaidi ni za presha, za kukojosha, za usingizi, za mfadhaiko wa akili, za kisukari zinazoweza kushusha sukari kupita kiasi, na hata vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, vile ambavyo duka lolote humuuzia mteja bila maswali. Mzee anayetibiwa katika vituo viwili vya afya na kununua nyingine sokoni anaweza kumeza dawa mbili za kazi moja bila kujua.

Asiache dawa kwa uamuzi wake. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi. Akienda kliniki, abebe mfuko wenye dawa zote, pamoja na za dukani na za mitishamba, na amwombe mhudumu azipitie moja moja. Kwa kawaida kidonge cha kukojosha humezwa asubuhi. Aombe pia apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu, kizunguzungu chake kina maelezo. Kipimo hicho hakidai mashine kubwa. Wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchi nzima, waliozinduliwa rasmi Septemba 2023, walikabidhiwa vifaa vyenye kipima presha na kipima sukari.

Mifupa na chungu

Kuanguka ni jambo moja, kuvunjika ni jingine. Mwanamke akikoma hedhi, homoni iliyolinda mifupa yake hupungua na mifupa huwa myepesi. Anguko ambalo lingemwachia kijana mchubuko humvunja yeye kwenye kifundo cha mkono, mgongoni au kwenye shingo ya fupa la paja. Hii ya paja ndiyo inayotisha, kwa kuwa mzee aliyelazwa kitandani kwa wiki nyingi hupata vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda.

Chungu cha Mgusii kina msaada ambao umeanza kusahaulika. Gramu 100 za wimbi zina kalisi inayokaribia miligramu 340, wakati mahindi yana kiasi kidogo mno. Sima ya wimbi, mboga ya chinsaga, maziwa, na omena wanaoliwa pamoja na miiba yao ni chakula cha mifupa. Maharagwe, mayai na samaki hujenga misuli. Mzee anayekunywa chai na mkate asubuhi, mchana na jioni ananyimwa vyote viwili.

Kichwa kilichogonga

Abagusii wana historia ya pekee ya kutibu kichwa kilichoumia. Mafundi waitwao ababari walikuwa wakipasua ngozi ya kichwa na kukwangua fupa la fuvu ili kumtibu mtu anayeumwa kichwa kwa muda mrefu baada ya pigo. Kazi hiyo iliandikwa katika majarida ya tiba, likiwemo andiko la David Furnas na wenzake la mwaka 1985. Wazee wa zamani walikuwa wameona jambo la kweli: pigo la kichwa linaweza kumtesa mtu muda mrefu baada ya jeraha la nje kupona.

Leo tunaeleza hivi. Ubongo wa mzee umesinyaa kidogo, na vimishipa vinavyouunganisha na utando wake vimenyooka. Kichwa kikigonga, kimshipa kinaweza kuchanika na kuvuja polepole kwa siku au wiki. Bibi aliyeanguka Jumatatu akacheka, kisha wiki ya pili akawa msahaulifu, akalala mno, akaumwa kichwa au akaburuta mguu, apelekwe hospitali ya rufaa akapigwe picha ya ubongo. Asitafutiwe mtu wa kumkwangua. Kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, apelekwe siku ile ile aliyogonga.

Yanayofanya kazi

Dawa iliyothibitishwa kuliko zote ni mazoezi ya nguvu na ya kujisimamisha. Huko Dunedin, New Zealand, John Campbell, Clare Robertson na wenzao waliandaa mpango wa mazoezi ya nyumbani unaoitwa Otago, na jaribio lao la kwanza, kwa wanawake wenye miaka 80 na zaidi, lilichapishwa 1997. Majaribio manne yalipojumlishwa mwaka 2002, mpango huo ulikuwa umepunguza kuanguka kwa takriban asilimia 35. Mazoezi yenyewe hayahitaji jumba wala mashine: kusimama na kuketi, kuinuka kwa vidole, kusimama kwa mguu mmoja ukishika meza, kutembea kisigino kikigusa kidole.

Mzee anayelima atauliza kama jembe halitoshi. Jembe ni zuri kwa mikono na moyo, ila halimfundishi kusimama kwa mguu mmoja. Mpime. Weka kiti imara ukutani, akunje mikono kifuani, umwambie, “Magokoro (yaani bibi), simama, keti, simama tena,” huku ukitazama saa kwa nusu dakika. Utaona mengi hapo: anavyovuta pumzi kabla ya kuinuka, magoti yanavyotetemeka, mkono unavyotoroka kifuani kutafuta paja la kujisukumia. Mwanamke wa miaka 75 hadi 79 asiyefikisha mara 10 yuko hatarini. Kipimo kingine ni kuinuka kitini, kutembea mita tatu, kugeuka, kurudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, aanze mazoezi na apelekwe kliniki.

Macho yafuate. Utafiti wa Nottingham, Uingereza, uliochapishwa 2005 kwa wanawake waliopita miaka 70, ulionyesha kuwa kutolewa mtoto wa jicho katika jicho la kwanza kulipunguza kuanguka kwa asilimia 34.

Baadaye ndipo tuje kwenye njia. Chonga ngazi pana kwenye mteremko, uzijaze mawe na changarawe. Simamisha nguzo za mikaratusi na uzifunge fito iwe mshikio kutoka mlangoni hadi chooni. Ndani ya choo weka nguzo ya kushika, na kiti cha mbao chenye tundu kwa asiyeweza kuchuchumaa. Usiku awe na kopo au ndoo chumbani. Hakuna aibu katika hilo. Taa ya sola iwe karibu na mto. Malapa yabaki ya kuogea. Nje avae gambuti au kiatu kinachoshika kisigino. Mkongojo uishie kwenye usawa wa kifundo cha mkono unaoning'inia. Na kabla ya kuinuka aketi ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ndipo asimame.

Akishaanguka

Watu wema hukimbia na kumvuta mkono. Mwacheni kwanza. Muulizeni anaumwa wapi. Kama hawezi kusimama, na mguu mmoja umekuwa mfupi na kidole kimegeukia nje, nyonga huenda imevunjika. Asikandwe, asipandishwe bodaboda. Alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, abebwe hadi barabarani, apelekwe kwa gari kwenye hospitali yenye daktari wa mifupa, kama ile ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Nyonga hufaa ifanyiwe upasuaji ndani ya siku moja au mbili, mgonjwa akiweza kuustahimili. Kila siku ya kukandwa nyumbani ni siku aliyopotezewa.

Kama hajavunjika, afundishwe kuinuka mwenyewe: ageuke ubavu, apige magoti, atambae hadi kwenye kiti, aweke mguu mmoja mbele, ajisukume. Anayeishi peke yake abebe simu yenye chaji hata aendapo shambani, kwa maana kulala chini kwa saa nyingi katika baridi ya Kisii kunaweza kuua hata pasipo mfupa uliovunjika.

Wazee wengi huficha. Wanajua kwamba wakisema wameanguka, watoto walioko Nairobi watapiga simu na kuwakataza shamba, ng'ombe na soko. Kwa hiyo anayeuliza aulize bila kutisha, na asikie jibu bila kutoa amri. Piga simu nyumbani wiki hii. Muulize mama au baba kama ameanguka mwaka huu, alikuwa akienda wapi, na saa ngapi. Kisha tuma pesa za changarawe na taa kabla ya kutuma za kitenge.