Mafuta Tunayoyala: Tuyajue Kabla ya Kuyamimina

Jua lichwapo katika mwezi wa Ramadhani, majiko mengi ya Pwani yetu huwa na karai motoni: sambusa, bajia, kaimati na mahamri. Futari ikishaliwa, mafuta yaliyosalia hurudishwa chupani yangojee kesho. Na ndani ya nyumba hiyohiyo huenda yupo babu mwenye shinikizo la damu, au shangazi aliyepatwa na kiharusi. Mambo haya mawili yana uhusiano, nasi tunapenda tuyatazame pamoja.

Mafuta si adui. Bila ya mafuta mwili haufyonzi ipasavyo vitamini A, D, E na K, na watoto wadogo huyahitaji ili ubongo wao ukue. Lakini gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9, ilhali ya wanga hutoa 4 tu. Kidogo chake ni kingi.

Tena mafuta hayalingani. Samli, siagi na shahamu ya nyama huganda, nayo huongeza lehemu mbaya, ambayo huziba mishipa ya moyo na ya ubongo. Mafuta ya nazi yamo katika kundi hilo, ingawa hapa kwetu hutuhadaa: huyeyuka katika nyuzijoto 24, basi kwa joto la Pwani huonekana kama maji. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta ya kundi hili yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mwenye kuhitaji kalori 2,000, hizo ni gramu 22 hivi. Vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya nazi vinatosha kuzitimiza.

Hatusemi mbuzi ya kukunia nazi itupwe. Wali wa nazi ni urithi wetu. Tunasema upikwe kwa tui jepesi, na kasimele iwekwe akiba kwa siku ya wageni. Samaki asikaangwe kila siku. Achomwe, au apikwe mchuzi wa ukwaju. Dagaa na jodari wana mafuta yenye kuufaa moyo, na mafuta ya alizeti, njugu, korosho na parachichi pia ni bora kuliko yale yagandayo.

Na yale ya chupani? Mafuta yaliyogeuka meusi, yenye kutoa povu, moshi na harufu kali, yamekwisha kazi yake. Mama huona uchungu kuyamwaga, akichelea israfu, na uchungu huo tunauelewa. Dawa yake ni kumimina kidogo tangu mwanzo, katika karai ndogo, na kukaanga kwa mafungu. Hapo hapatakuwa na kingi cha kumwaga wala cha kurudia.

Afya ya jamaa zetu ni amana, na sehemu yake kubwa imo mikononi mwa anayeshika upawa.