Kwa Nini Televisheni ya Houston Huungua Mwanza

Desemba ikikaribia, maduka ya Marekani hushusha bei za televisheni, na sisi wa ughaibuni huanza kuulizana swali lile lile: nimpelekee mama inchi 55 kwenye kontena, au nimtumie fedha anunue huko huko? Wengi hulinganisha bei, basi. Seti inafungwa, inakaa baharini wiki kadhaa, inafika Mwanza au Mombasa, ndugu na majirani wanajaa sebuleni, plagi inachomekwa. Unasikika mlio mmoja, kisha harufu ya kuungua. Fundi akiitwa anafungua mfuniko wa nyuma, anaangalia, anatikisa kichwa. Hasara hii inazuilika kabisa, na chanzo chake ni cha zamani kuliko televisheni yenyewe.

Thomas Edison alipowasha mitambo yake ya Pearl Street mjini New York mwaka 1882, alisambaza umeme wa volti 110 hivi kwa ajili ya taa. Mfumo wake wa mkondo mnyoofu ulishindwa baadaye na mkondo geu, lakini volti za chini zilibaki, kwa sababu nyumba zilikuwa zimeshajaa taa na vifaa vya kiwango hicho. Leo Marekani na Kanada zinatumia volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Ujerumani, kampuni ya AEG ilishika mizunguko 50, na Ulaya ikapandisha volti karibu mara mbili, maana volti zikiwa nyingi waya mwembamba unaweza kubeba nguvu ile ile. Uingereza ikatulia kwenye volti 240, na nchi zilizokuwa chini yake au chini ya ushawishi wake zikafuata. Ndiyo maana Kenya, Uganda na Oman zina volti 240, na Tanzania 230. Kongo, Burundi na Rwanda, ambako Wabelgiji walitawala, zina volti kati ya 220 na 230, na huko soketi nyingi ni za matundu ya duara.

Sasa tuingie ndani ya seti. Umeme ukitoka ukutani hupokelewa na bodi ambayo mafundi huiita pawasaplai. Bodi hiyo hugeuza mkondo geu kuwa mnyoofu na kuuhifadhi kwa muda mfupi sana ndani ya kapasita kubwa, kopo dogo jeusi linalosimama wima. Umeme wa volti 120 ukishanyooshwa hufika kilele cha volti 170 hivi. Mtengenezaji aliyelenga soko la Marekani peke yake anaweza kuweka kapasita ya volti 200, na kwa Houston hajakosea. Lakini umeme wa volti 230 ukinyooshwa hufika kilele cha volti 325. Kopo la volti 200 haliwezi kuvumilia hapo hata dakika. Linavimba, linapasuka, na mara nyingi linaondoka na vipuri vilivyo jirani yake.

Si kila seti ya Marekani iko hivyo. Nyingi, hasa zile ndogo, zimeundwa kupokea chochote kati ya volti 100 na 240. Jibu liko kwenye kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa AC 100-240V 50/60Hz, seti hiyo itakubali umeme wa Mwanza, utabadilisha plagi tu. Kikiandikwa AC 120V 60Hz, haitakubali. Usimuulize muuzaji wa dukani na usitegemee maelezo ya mtandaoni, kwa kuwa modeli moja inaweza kutengenezwa kwa namna mbili kwa masoko mawili. Soma kibandiko cha seti ile ile unayotaka kulipia, hata ikibidi kuomba boksi lifunguliwe.

Hapa ndipo adapta inapowaponza watu. Ile adapta ndogo inayouzwa viwanja vya ndege hubadilisha umbo la plagi, haigusi volti hata moja. Kinachopunguza volti 230 ziwe 120 ni transfoma, sanduku zito lenye nyaya za shaba ndani. Transfoma nayo ina kipimo chake cha wati: kama kibandiko cha televisheni kinasema wati 150, tafuta transfoma ya wati 300, isifanye kazi ikiwa imebanwa. Inatoa joto, kwa hiyo isifungiwe kabatini wala isifunikwe kitambaa. Inakula umeme hata televisheni ikiwa imezimwa, hivyo izimwe ukutani. Na haina uwezo wa kutuliza umeme unaopanda: ukiingia wa 270, utatoka wa 140, na seti itaupokea hivyo hivyo. Kwa maoni yangu, mzigo huo wote haufai kumpelekea mzazi wa miaka 70 anayetaka kutazama taarifa ya habari saa mbili usiku. Seti ya volti 120 pekee ibaki Amerika.

Wenzetu wa Muscat, Dubai na London wana nafuu kubwa. Umeme wao ni wa jamii moja na wa nyumbani, na hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu bapa. Plagi hiyo iliwekewa kiwango rasmi nchini Uingereza mwaka 1947, na inafaa kuifahamu, kwa sababu nyumbani tunaitumia kila siku huku tukiiondolea ulinzi wake mmoja baada ya mwingine.

Mguu wa juu, wa ardhi, ni mrefu kuliko miwili ya chini. Ukiingia tundu lake, unasukuma vifuniko vidogo vinavyoziba matundu ya chini, yale yenye umeme. Vifuniko hivyo viliwekwa ili mtoto asiweze kuingiza msumari. Nawe umeona mara ngapi mtu akichukua kalamu, akaisokomeza kwenye tundu la juu ili vifuniko vifunguke, kisha akabana humo plagi ya Ulaya yenye miguu miwili ya duara? Inashika, na televisheni inawaka. Lakini miguu ile haikukaa sawasawa, inacheza, inatoa cheche ndani ya soketi, na plastiki huanza kugeuka rangi ya kahawia. Ukiona soketi iliyogeuka rangi, isitumike tena mpaka fundi umeme aibadilishe.

Ulinzi wa pili ni fyuzi iliyomo ndani ya plagi. Kazi yake ni kukatika kabla waya haujashika moto. Televisheni kwa kawaida inatosheka na fyuzi ya ampea 3 au 5. Ile ya 13 ni ya pasi na birika. Fyuzi ikikatika, wapo wanaofunga uzi wa shaba au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pake. Kuanzia hapo plagi haina mlinzi, na hitilafu ndogo inaweza kuchoma pazia. Fyuzi mpya ni kitu cha bei ndogo sana. Ukienda nyumbani likizo, beba pakiti nzima uwagawie.

Hata seti yenye kibandiko kizuri ina adui mwingine, umeme unaokatika na kurudi. Unapokatika si tatizo. Unaporudi, friji, pampu na pasi za mtaa mzima zinawaka kwa pamoja, na volti hupanda na kushuka kwa muda kabla ya kutulia. Kwa hiyo kifaa kama TV Guard, kinachokaa kati ya soketi na seti, kina maana kubwa kuliko inchi tano za ziada. Hukata umeme ukizidi au ukipungua mno, na ukirudi husubiri kidogo utulie ndipo huuruhusu upite. Anayelazimika kutumia transfoma akiweke upande wa ukutani, kabla ya transfoma, maana kimeundwa kupima volti 230. Radi ni habari nyingine. Hakuna kifaa cha dukani cha kutegemea radi ikipiga karibu, hivyo wingu likitanda chomoa plagi, chomoa na waya wa antena au wa dishi, mapema, kabla ngurumo hazijafika.

Tukimaliza umeme, yanakuja mawimbi. Marekani ilipoweka kiwango chake cha televisheni mwaka 1941, picha ilikuwa na mistari 525 na fremu 30 kwa sekunde, nusu ya ile mizunguko 60 ya umeme wake. Nchi za mizunguko 50 zilifuata fremu 25, nyingi kwa mistari 625, na katika nyingi rangi zikaja baadaye kwa mfumo wa PAL uliobuniwa na Walter Bruch wa Telefunken nchini Ujerumani. Zanzibar ilipoanzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka 20 hivi kabla Tanzania Bara haijawa na kituo chochote, ilifuata njia hiyo. Ndiyo maana TV ya chogo kutoka Amerika ilikuwa ikifika Afrika Mashariki inaonyesha picha inayokimbia juu chini, bila sauti.

Watu walidhani dijitali ingemaliza mgawanyiko huo. Haikuumaliza. Marekani ilizima analojia tarehe 12 Juni 2009 na kufuata mfumo wake wa ATSC. Afrika na Ulaya zilikubaliana mjini Geneva mwaka 2006 kwamba mwisho uwe tarehe 17 Juni 2015. Tanzania ilitangulia, ikaanza kuzima Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, siku ambazo king'amuzi kiligeuka kuwa bidhaa ya kugombaniwa. Mfumo uliochukuliwa kwetu ni DVB-T2. Seti iliyoundwa kwa ATSC peke yake haiwezi kupata kituo hata kimoja cha Tanzania au Kenya kwa antena, hata antena iwe juu ya mnazi.

Kwa bahati nzuri hili halina uzito kama la umeme. King'amuzi, kiwe cha antena au cha dishi, hupokea mawimbi chenyewe na kuipa televisheni picha kwa waya wa HDMI. Kuna kikwazo kimoja kinachowachanganya hata mafundi: baadhi ya seti za Amerika hazikubali picha ya mizunguko 50 kupitia HDMI. King'amuzi kinawaka, waya ni mzima, na kioo kinaandika kwamba hakuna picha. Kabla ya kuilaumu seti, unganisha kwa nyaya za rangi tatu kama tundu zake zipo ili uweze kuiona menyu, ingia kwenye menyu ya king'amuzi, tafuta sehemu ya picha, na kama kina chaguo la 60Hz lichague. Mara nyingi hilo linatosha.

Ukijumlisha usafiri, ushuru, transfoma na wasiwasi, nasema wazi kwamba aliye Amerika afadhali atume fedha. Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi zimejaa seti za volti sahihi zenye king'amuzi cha DVB-T2 ndani, dhamana inadaiwa pale pale, na fundi ana vipuri. Atakayeamua kusafirisha, basi seti isimame wima safari nzima, ndani ya boksi lake la asili. Ikilazwa na mizigo ikawekwa juu, kioo hupasuka kwa ndani. Ikitoka kwenye baridi kuingia joto la pwani ipumzike saa kadhaa bila kuwashwa, unyevu uliojikusanya ndani ukauke.

Nimeliacha mwisho jambo ninaloliogopa kuliko mengine. Umeme huunguza seti, lakini kinachowaumiza watoto wadogo mara nyingi ni seti kuwaangukia. TV za chogo zilikuwa nzito upande wa kioo, na zikiwekwa juu ya kabati refu ziliinama mbele mtoto akivuta droo. Za sasa ni nyepesi, lakini zinasimama juu ya vijiguu viwili vyembamba, na mtoto wa miaka miwili anaweza kuivuta kwa mkono mmoja akifuata rimoti iliyowekwa juu. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2015 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilianzisha kampeni ya kitaifa, Anchor It!, kuwahimiza wazazi wafunge televisheni na makabati ukutani. Huku ughaibuni wengi tunapanga, tunaogopa kutoboa ukuta tusije tukakatwa amana. Muulize mwenye nyumba kwa maandishi. Tundu mbili za skrubu huzibwa kwa dakika chache siku ya kuhama.

Ukuta wa nyumba za Amerika mara nyingi ni bodi laini iliyopigiliwa kwenye nguzo za mbao, kwa kawaida kila baada ya sentimita 40 hivi. Skrubu iliyoshika bodi peke yake itang'oka, kwa hiyo tafuta nguzo. Nyumbani ukuta ni tofali za saruji, na hapo drili nzuri na plagi za plastiki za saizi sahihi zinatosha, ila tofali zenye matundu ndani zinahitaji bolti maalumu za tofali za namna hiyo. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni kazi nyingine kabisa. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyojengewa kwa chokaa, na chokaa ile ya zamani humomonyoka kama unga ikitobolewa. Nyumba ya namna hiyo usitundike inchi 65. Tafuta kabati fupi na pana, seti isogezwe nyuma, ifungwe kwa mkanda kwenye kabati lenyewe, na rimoti iwekwe mahali ambapo mtoto hatalazimika kupanda ili kuifikia.